Siku Tuliyongojea Ndege ya Dawa ya Majani

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kujaza udongo ndani ya mifuko. Mifuko midogo myeusi ya plastiki, kila mmoja kwa mche mmoja, na mche wenyewe mdogo hivi kwamba ukipiga chafya unaupoteza. Nilikuwa nimeacha masomo mwaka wa pili wa sekondari, kwa sababu shule yetu iliingiwa na wakimbizi, kiisha na askari, kiisha na mbuzi wa askari, na alipotoka mbuzi wa mwisho hakuna aliyejua ubao wetu mweusi ulikwenda kupikia maharagi ya nani. Sikuhuzunika sana. Nilipata kazi kwenye pepinyeri ya Burungu, ile bustani ya kulea miche, na kwangu ilikuwa kazi ya kifalme. Msichana anakaa chini, mikono inajaza udongo, kichwa kiko huru kwenda fasi kinapenda, mahali popote. Cha kwangu kilikuwa kinakwenda mbali, na mara nyingi hakikurudi kabla ya saa ya kula.

Kilima tulichokuwa tunapanda kiko kati ya Burungu na Kirolirwe. Zamani kilikuwa na miti. Vita ikaja, watu wengi wakaja na vita, kila mama alihitaji kuni na kila papa, yaani baba, alichoma makaa, na kilima chote kikaishia chini ya masufuria. Ndipo mradi mmoja wa miti ukaja kusema tupande upya: sipre na pinusi, miti yenye majani membamba kama sindano. Tulipanda kwa mistari iliyonyooka, tukajipongeza, tukaenda kulala. Lakini udongo wa kwetu Masisi hauna ubaguzi. Ukipanda sipre, unakubali. Usipopanda majani, unakuletea wenyewe. Mvua ilipokolea, majani yalifika kiunoni na miche ikapotea ndani, ikabidi tupige magoti na kuitafuta kwa vidole kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mtoto.

Majani yale yalikuwa na rafiki mmoja: koko, mama wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilea. Koko alikuwa mtu wa ng'ombe tangu tumboni. Walikuwa wengi, na vita iliwala mmoja mmoja, wengine kwa bunduki, wengine kwa njia ya adabu, yaani askari anakuja, anasalimia, anauliza afya ya nyumbani, kiisha anafungua zizi. Alibaki naye ng'ombe mmoja, mwekundu, pembe moja ikitazama mbinguni na nyingine ikitazama viazi. Kwenye malisho mazuri ya juu kulikuwa na watu wa bunduki, hakuna aliyethubutu kwenda huko. Kwa hiyo koko alimfunga ng'ombe wake kwa kamba ndefu katikati ya mistari yetu, akamhamisha kila alipomaliza kipande. Ng'ombe alikula majani, sipre aliziacha, maana zinanuka kama sabuni ya kufulia. Maziwa yake tuliyanywa sisi, na tulimnywesha pia mtoto wa jirani, ambaye mama yake alikwenda njia ya Walikale kutafuta mafuta ya mawese na hakurudi. Na sasa ng'ombe alikuwa na mimba.

Hapo ndipo alipotufikia agronomu mpya, bwana shamba wa mradi.

Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye koti kubwa la manyoya ambalo hakulivua hata jua likiwa kali. Mradi ulikuwa umemtuma kujifunza kwenye nchi moja ya baridi, mbali kabisa, ambako misitu ya miti kama sipre inaendelea mpaka macho yanachoka. Alisema baridi ya kule ilimwingia kwenye mifupa na haijatoka bado. Saa ya kula, sisi tukiwa na viazi vyetu vya kuchoma, yeye alikuwa anatupa hadithi, na mimi nilikuwa nakaa karibu kabisa, nisipoteze hata moja.

"Kule," akasema siku moja, "mutu hapalilie pori na jembe."

"Anapalilia na nini?"

"Na helikopta."

Tulicheka mpaka mwenzetu mmoja akapaliwa na kiazi, ikabidi tumpige mgongoni.

"Muko nacheka, lakini ni kweli," akasema agronomu. Akatueleza kwamba kule wakikata msitu mzee wanapanda miche ya sapini, dada yake sipre. Lakini kabla sapini haijainua kichwa, miti mingine ya majani mapana inachipuka mbio mbio na kuifunika, sawa na majani yetu. Basi helikopta inapita chini chini, inamwaga dawa kama ukungu. Miti ya majani mapana inakauka, sapini inabaki, inapata jua, inakua. Kandokando ya mito tu hawamwagi.

"Na sapini haikufi?" nikauliza.

"Banangojea mwisho wa majira ya jua. Pale sapini imekwisha kukomaa sindano zake, iko nataka kulala. Dawa inaipita juu, haisikii kitu."

Niliacha kiazi changu kipoe. Nilijiona ndani ya helikopta, kofia kubwa kichwani, nikizunguka juu ya misitu isiyo na mwisho na kuwapungia watu mkono. Kisha nikamwona koko chini na ng'ombe wake, nikageuza helikopta haraka, nikaenda kumwaga kwingine. Hata kwenye ndoto mimi siwezi kuendesha chombo bila kumfikiria koko.

Naye koko mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu na kibuyu cha maziwa. Alikuwa amesikia yote.

"Papa agronomu," akasema, "na nyama ya pori ya kule inakula nini, dawa ikipita?"

Agronomu hakujua kusema uongo. Hilo lilimpa shida nyingi maishani. "Kuko nyama moja, koko, mukubwa kupita ng'ombe, pembe zake kama matawi. Inapenda sana ile miti ya majani mapana. Dawa ikipita inaenda kula fasi ingine, myaka kidogo, kiisha inarudia. Ata batu ya kule banagombana ju ya ile. Bawindaji banasema dawa inafukuza nyama. Bamama ba kuokota matunda ya pori banasema matunda imekauka."

"Na ya kwangu? Itaenda kula fasi gani?"

Agronomu akatazama juu, kule kwenye malisho ya watu wa bunduki. Alikuwa ameshapokea amri kutoka kwa wakubwa wa mradi: madumu ya dawa yalikuwa njiani kutoka Goma, pamoja na pompe za kubeba mgongoni. "Sisi hatuna helikopta," alikuwa ametuambia, "sisi tuko na migongo." Alifunga kifungo cha koti lake.

Sasa ilibidi watu watangaziwe wasilete watoto na wanyama kilimani siku ya kazi. Agronomu akampa tangazo papa wa duka, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, ambaye alisoma matangazo yote kanisani kwa sababu sauti yake ilikuwa imezoea kuita lori lililoko bonde la pili. Jumapili, mwisho wa misa, akasimama.

"Bandugu bapendwa! Juma hii inakuja, mradi itamwaga dawa ya majani pale kilima. Papa agronomu anasema kule Bulaya inamwagwaka na ndege. Kila mutu ajipange!"

Akaketi.

Dawa ya majani. Msomaji, angalia neno hilo vizuri. Kwetu, dawa ya majani ni ile ya mitishamba anayochemsha mama, unakunywa ukifumba macho, na minyoo inahama. Dawa ya majani ni pia ile sumu ya kuua majani. Maana hizo mbili zimekaa ndani ya neno moja kama wapangaji wawili wasiosalimiana, na papa wa duka hakusema ni yupi anayekuja. Wala hakueleza tujipange namna gani.

Kabla hatujafika mlangoni kanisa lilikuwa limegawanyika.

"Iko ya tumbo ao ya mugongo?" mama mmoja akamuuliza mwenzake.

"Ya byote! Ndege haiwezi kutoka Bulaya ju ya tumbo tu."

"Na ya mutu asiyezaa?"

"Dada, weka beseni kubwa ya kukinga."

Upande wa pili, mama mwingine, mwenye shamba la maharagi chini ya kilima, alikuwa ameshika kichwa. "Munacheka nini? Dawa ya majani inaua majani! Maharagi ni nini? Ni majani! Mboga ya lengalenga ni nini? Ni majani! Tutakula mawe?"

Nilikimbia kwenda kusaidia. Nilidhani, kwa kuwa nafanya kazi pale, maneno yangu yatakuwa na uzito. "Bamama, sikilizeni! Hakuna ndege! Kwetu hapa ni pompe ya mugongo!"

"Mumesikia?" akapiga kelele yule wa kwanza. "Nilisema ni ya mugongo!"

Nikarudi kwa koko nikiwa nimeongeza wagonjwa wapya, wa mgongo.

Siku zilizofuata papa wa duka aliwauzia mabeseni wale wa kupona, na wale wa kuogopa akawauzia bashi, yale maturubai meupe ya kambini ambayo hakuna anayeuliza yanatokaje kambini. Alikuwa mtu wa imani zote mbili. Ukimuuliza mwenyewe anaamini ipi, alijibu: "Mama, mimi nilisoma tu." Agronomu alipita nyumba kwa nyumba kusahihisha. Lakini alisahihisha kwa Kifaransa kingi, na kila neno lisiloeleweka liliwapa wagonjwa tumaini zaidi.

Basi ilifika asubuhi ya siku ya kazi. Kulikuwa na helikopta nyeupe iliyozoea kupita juu yetu ikienda Walikale. Sisi watu wa Masisi tulikuwa na masikio ya vita: ukisikia kitu angani, unasimamisha jembe, unapima sauti, unaamua kama ni ya kukimbia ao ya kuendelea kulima. Siku ile sauti yake iliposikika hakuna aliyepima. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliona watu wakitoka mbio nyumbani kwenda kwenye sauti.

Mabeseni yakajaa njiani. Kulikuwa na mabeseni ya plastiki, masufuria, karai la kuchanganyia simenti, na watu waliotoka Muheto kwa miguu wakiwa na madumu na faneli, maana wao ni watu wa kupanga mambo. Chini ya kilima, mama wa maharagi alikuwa amefunika shamba kwa bashi, yalipokwisha akaweka vitenge, vitenge vilipokwisha akamlaza mume wake juu ya mstari wa mwisho, mikono wazi.

"Nikae mupaka saa ngapi?" mume akauliza, uso udongoni.

"Nyamaza, usivunje maua!"

Mawingu yalikuwa chini, na helikopta nayo ikapita chini. Mtu mmoja aliyekaa mlangoni mwake akaona umati ule wote umenyanyua vyombo, na kwa adabu akapunga mkono.

"Anamwaga! Anamwaga!"

Na kweli, ikaanza manyunyu. Masisi hunyesha kila siku ya Mungu, lakini jambo hilo lilikuwa limesahaulika asubuhi ile. Watu walikinga, wakanywa, wakawapaka watoto. Mzee mmoja akanyoosha mgongo, akatupa fimbo yake vichakani, watu wakapiga vigelegele. Kisha akaomba aletewe, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi.

Mimi nilikuwa natafuta kwa macho mtu mmoja tu. Nikamwona juu kilimani. Koko alikuwa amemvika ng'ombe wake bashi. Alimfunika mgongo mzima, akamfunga kwa kitenge chini ya tumbo, pembe moja imetokeza, utadhani mama wa kambi anayekwenda kuchota maji. Ng'ombe yule alikuwa amepitiwa na risasi za kweli bila kuacha kutafuna. Lakini upepo wa helikopta uliponyanyua bashi na likapiga pwaa! nyuma ya masikio yake, akaamua kwamba mambo yamezidi. Alikata kamba, akashuka kilima na bashi likipepea, akaruka mistari, akaingia pepinyeri, na agronomu, aliyekuwa amesimama mlangoni akiita "Ni mvua! Ni mvua tu!", akajikuta amekaa ndani ya udongo wangu uliochekechwa, kamba imemzunguka koti.

Koko akafika akihema. "Papa agronomu, usimupige! Iko na mimba!"

"Koko," akasema agronomu kutoka chini, "ni yeye amenipiga."

Tulicheka sote, hata yeye. Lakini koko alikuwa wa kwanza kunyamaza. Aliifungua kamba taratibu kutoka kwenye koti, akaizungusha mkononi, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikuizoea:

"Mutoto yangu, niambie kweli. Kama ile dawa yenu ya kweli inamwagika, mimi nitachinja hii. Sina fasi ingine ya kuikulisha. Siwezi kuiangalia inakonda na mutoto ndani. Niambie leo, niichinje ikiwa bado na nguvu."

Mimi nilianza kulia, jambo ambalo nalifanya kwa urahisi, na nikaficha uso kwenye shingo ya ng'ombe, chini ya bashi.

Agronomu alisimama. Akapangusa udongo mara nyingi kuliko ulivyokuwepo. "Usichinje, koko. Ngojea. Tutajaribu mustari moja. Moja tu, ule wa chini. Kiisha tutaona."

"Na mukiona inafanya muzuri?"

"Nitakuja kukuambia mimi mwenyewe."

Mstari ule niliumwagia dawa mimi. Pompe mgongoni, buti kubwa, glovu zenye nafasi ya mikono miwili, kitambaa puani. Nilitembea polepole, nikimwaga vizuri kama nilivyofundishwa, huku moyoni naomba vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa pamoja: kwamba kazi ya agronomu ifaulu, kwa kuwa aliiota kama mimi ninavyoota, na kwamba majani yabaki. Nilimwachia Mungu apange mwenyewe. Ng'ombe tulimfunga juu kabisa, mbali, akatuangalia.

Kwa siku kadhaa majani yalikaa kijani, na wagonjwa wakasema ya ndege ilikuwa na nguvu zaidi. Kisha yakaanza kuwa manjano, kwanza ncha, halafu yote. Mstari mzima ukawa kama mkeka. Katikati yake miche ya sipre ilionekana, mmoja baada ya mmoja, imesimama peke yake kwenye jua. Wafanyakazi wenzangu walipiga makofi. Agronomu alizunguka akitabasamu, lakini aliponiona alipunguza tabasamu.

Koko alikuja, akatazama mkeka ule, akaenda zake. Jioni nilimsikia akimuuliza jirani kama kuna mtu Kirolirwe anayenunua nyama ya ng'ombe mwenye mimba, na jirani akajibu kwamba hilo ni swali la kumuuliza padri. Nilipomletea koko chakula, alisema ameshiba. Alikuwa amekula nini, sijui.

Lakini juma lililofuata, nilipopita kwenye mstari asubuhi, niliona ncha za sipre zimegeuka rangi. Rangi ya chai. Nikamwita agronomu. Alikuja, akachuchumaa mbele ya mche wa kwanza, akaenda wa pili, akaenda mpaka mwisho wa mstari akichuchumaa hivyo hivyo, koti likiburuta. Aliporudi alikaa chini kabisa.

"Huku miti hailalake," akasema.

"Hailalake namna gani?"

"Kule baridi inaingia, miti inalala. Unamwaga, haisikii. Huku Masisi iko nakunywa asubui, iko nakunywa mangaribi, myezi yote. Nilipatia dawa kitu iko macho." Akashika tawi lile dogo la rangi ya chai kwa vidole viwili, kama anashika mkono wa mtoto mwenye homa. "Nilijifunza yote, dada. Lakini nilijifunzia fasi ya baridi."

Nilimwonea huruma mpaka nikakaa naye chini. Watu wawili wa ndoto, mstari mmoja wa miti iliyokufa.

Alikuwa ameahidi kwenda kwa koko mwenyewe, na akaenda saa ile ile, hata udongo hakujipangusa. Nilimfuata. Alisimama mlangoni akasema: "Koko, dawa haitamwagika. Imeua miti ya kwangu na majani yako pamoja. Madumu nitayarudisha Goma, na wakubwa wanigombeze vile banapenda. Majani tutakata na mikono, na utayapata wewe."

Nilingojea koko aruke, apige vigelegele. Yeye alimtazama tu yule kijana na koti lake. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maziwa ya kuganda, kile kikubwa.

"Ikala chini," akamwambia. "Kunywa. Ile miti ilikuwa ngapi?"

"Mingi, koko."

"Pole, mutoto yangu. Na mimi, ng'ombe yangu vita ilikulaka mingi. Kunywa yote."

Akanywa yote, na kwa mara ya kwanza tukamwona anafungua koti.

Tangu hapo tulikata majani kwa panga, mche kwa mche, tukafunga mafungu na kuyapeleka kwa koko, ambaye alijifanya mkaguzi wa mradi bila kuombwa. Kila mmoja wetu alileta fungu lake, na agronomu naye, siku ya kwanza, alikata la kwake. Alilibeba kichwani kama mama wa sokoni, umande ukimshuka shingoni, akaliweka mbele ya ng'ombe kwa heshima.

Ng'ombe akanusa. Akarudisha kichwa nyuma.

Koko akainama, akafungua fungu kwa vidole. "Umekata muzuri, papa. Lakini umechanganya na sipre. Toa."

Agronomu akapiga magoti, akaanza kutoa, kijiti kwa kijiti, na ng'ombe, akipumua juu ya kichwa chake, akamngojea.